Mwongozo: Jinsi ya kupanga safari ya kikundi kwenda kuona maua ya porini Kitulo

Kitulo ni hifadhi ya taifa iliyoko juu kabisa kule Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, na katika Afrika yote ya tropiki ndo hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, sio kwa ajili ya tembo wala simba. Inahesabiwa kuwa na aina zaidi ya 350 za mimea, na ndani ya hizo kuna okidi za ardhini aina kama 45. Sasa shida ya vikundi vingi vinavyotaka kwenda huko ni kwamba watu wanapanga kama wanaenda Mikumi: gari moja kubwa, asubuhi mnaingia, mnazunguka mnatazama dirishani, mchana nyama choma, jioni mmerudi. Ukienda hivyo Kitulo utaona majani tu na utarudi unasema mbona hamna kitu. Maua hayakimbii, kwa hiyo haraka zote mnaziacha kulekule barabara kuu, na safari nzima inapangwa ili watu waweze kushuka, kutembea polepole na kuinama. Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: chagua mwezi kabla hujachagua watu

Hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Likizo za watu wengi na mawazo ya kusafiri yako Juni, Julai, Agosti, kumekauka, barabara nzuri, unasema ndo wakati wenyewe. Ukipanda Kitulo Julai utakuta nyasi za rangi ya kahawia, ukungu, baridi ya kukata masikio na asubuhi nyingine umande umeganda kuwa barafu juu ya majani. Maua hayapo. Mimea mingi ya pale imejificha chini ya ardhi kwenye sehemu zake nene zilizo kama viazi na vitunguu, na kwenye mizizi minene, ndo namna yao ya kuvumilia baridi, ukame na moto unaopitaga kwenye nyasi, kisha mvua zikianza Novemba zinachomoza zote kama zimeitwa.

Mvua za huku ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, sio kama Dar au Arusha kwenye vuli na masika mbalimbali. Maua yanaanza mwisho wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Mimi nikiulizwa nasema Januari mwishoni mpaka Machi mwanzoni ndo mchague, kwa sababu hapo vya mapema havijaisha vyote na vya kuchelewa vimeshatoka. Desemba nayo ni nzuri sana na watu wana likizo ya Krismasi, ila kumbuka mabasi ya kwenda mikoani Desemba yanavyojaa, tiketi ni vita. Septemba mpaka Novemba mwanzoni ni wakati mzuri wa kutembea milimani kwa sababu kuna jua na ardhi kavu, lakini kama lengo ni maua usidanganyike.

Kwa hiyo mkubaliane mapema kabisa kwamba mnaenda kwenye mvua, na asiyetaka kulowa asubiri safari nyingine. Hili sentensi liandike kwenye grupu la WhatsApp na ulipini juu, maana kuna mtu atakuja na raba nyeupe.

Hatua ya 2: watu wangapi na watu gani

Kikundi kizuri cha kuangalia maua ni watu nane mpaka kumi na wawili. Mkizidi hapo, wa mbele ameshaona okidi, ameinuka, ameondoka, wa nyuma akifika anakuta nyayo tu. Mkiwa ishirini, kwa mfano kwaya au wanachuo, mgawanyike makundi mawili na kila kundi liwe na wa kuliongoza, na msiende njia moja kwa wakati mmoja.

Kuhusu aina ya watu, sihitaji watu wanaojua majina ya kisayansi, nahitaji watu wasiolalamika. Mzee anayejua dawa za asili ni dhahabu kwenye safari hii, mtoto wa miaka kumi naye ni dhahabu maana macho yake yako karibu na ardhi na anaona vitu vidogo ambavyo wakubwa tunavipita. Mwenye pumu, mwenye presha, mjamzito, waongee na daktari kwanza, kwa sababu mita 2,600 sio mchezo kwa mtu aliyetoka pwani, siku ya kwanza hata kupanda kilima kidogo unahema kama umekimbizwa. Malaria kule juu sio tatizo kama bondeni, lakini Chimala na njiani kote mbu wapo, kwa hiyo chandarua na tahadhari zile zile.

Gawaneni kazi kabla ya kuondoka: mmoja anaongoza mbele akiwa na askari wa hifadhi au mwongozaji, mmoja anafunga msafara nyuma (huyu awe mtu mvumilivu, haruhusiwi kuacha mtu yeyote nyuma yake), mmoja anaandika majina ya maua na mahali yalipoonekana, mmoja anashika hela, mmoja anashika sanduku la huduma ya kwanza. Kazi ya kushika hela na ya kuongoza zisiwe za mtu mmoja, atachanganyikiwa.

Hatua ya 3: hela

Fungueni bajeti kwa mafungu: nauli mpaka Chimala au Mbeya, gari la kupanda mlima, viingilio vya hifadhi, malipo ya mwongozaji, malazi, chakula, na fungu la dharura ambalo haliguswi mpaka mmerudi. Viingilio kwa Mtanzania na Mwana Afrika Mashariki ni nafuu sana kulinganisha na anavyolipa mgeni wa nje, lakini bei zinabadilika, kwa hiyo usichukue namba kutoka kwa mtu aliyeenda miaka mitatu iliyopita, piga simu au andika TANAPA wakupe bei ya sasa pamoja na VAT. Hifadhi zetu hazitaki keshi mlangoni, mnalipa kwa kontroli namba kupitia benki au simu, na huko juu mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo lipeni mkiwa bado bondeni na skrinshoti ya risiti iwe kwenye simu zaidi ya moja. Kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA au kinachofanana nacho, kama unataka bei ya mwenyeji lazima uoneshe kwamba ni mwenyeji.

Kuhusu michango, wekeni tarehe ya mwisho ya kulipa na sheria moja ya anayejitoa: akijitoa baada ya gari kulipiwa, hela ya gari hairudi. Ikubalike kwa maandishi. Najua inaonekana ukatili lakini bila hiyo wale mliobaki mtagawana kiti chake.

Hatua ya 4: njia na gari

Ukitoka Dar kwa basi la Mbeya unapita Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, halafu unafika Chimala, ambayo iko kama kilomita 78 kabla ya Mbeya mjini. Wengi wanapitiliza mpaka Mbeya kisha kesho wanarudi Chimala, hamna haja kama mnapandia upande wa Matamba. Mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Chimala. Treni ya TAZARA nayo inapita Chimala, ila ratiba yake iulizie kwanza na usiwe na haraka ya kazini Jumatatu. Wenye uwezo wa ndege wanashuka uwanja wa Songwe, Mbeya.

Kutoka Chimala mnapanda kwenda Matamba, na hapo ndo mnakutana na barabara maarufu inayoitwa Hamsini na Saba, imepewa jina hilo kwa idadi ya kona zake. Ni vumbi kiangazi na tope masika, mlima mmoja unakwea moja kwa moja, ukitazama chini unaona bonde lote la Usangu limetandazwa. Ni nzuri mpaka basi, lakini kwa mvua inataka gari lenye four wheel, tairi zenye meno na dereva aliyeipita mara nyingi, sio shemeji yako aliyenunua gari juzi. Dereva wa Chimala au Matamba anayebeba watu kila siku ni bora kuliko dereva wa mjini mwenye gari jipya. Udongo wa juu kule ni mweusi wa volkano, una rutuba kweli, ndo unaolisha maua na viazi, ila ukilowa unateleza na kunata kwa wakati mmoja. Bebeni kamba ya kuvutia, sepetu na mbao mbili fupi za kuweka chini ya tairi.

Njia ya pili ni kutokea Mbeya, mnafuata barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, mnakata kushoto kupanda kuelekea Kitulo. Njia hii inafaa kama mnalala Mbeya mjini au mnataka kuunganisha na Rungwe. Kama mna siku tatu mimi napenda kupandia Chimala na kushukia Isyonje, mnaona milima pande zote mbili na hamrudii njia.

Sheria ya barabara zote mbili: hamshuki usiku na hamshuki kwenye ukungu mzito. Saa kumi jioni mkiwa bado uwandani muwe mnageuza gari.

Malazi: Matamba kuna gesti za kawaida, safi, maji ya moto unaletewa kwenye ndoo. Kuhusu kupiga hema au kulala mabanda ya hifadhi mnaulizia ofisi ya hifadhi Matamba, na mkipiga hema jueni usiku kule ni baridi hata Januari.

Hatua ya 5: vitu vya kubeba

Gambuti au viatu vya kupandia mlima vilivyozoea miguu yako, koti la mvua refu, sweta zito, kofia ya jua NA kofia ya baridi (ndio zote mbili, mchana jua la juu linachoma ngozi haraka hata kama kuna baridi), soksi pea za ziada kwenye mfuko wa nailoni, maji lita mbili kila mtu, chupa ya chai, chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Uwandani hamna duka. Choo pia hamna, kwa hiyo kina dada bebeni kanga mbili, wawili wanashika moja mwingine anajisitiri, na karatasi zilizotumika zinarudi nanyi kwenye mfuko, haziachwi kwenye nyasi.

Vya kuangalizia: lenzi ndogo ya mkono ya kukuza mara kumi, ni rahisi na inabadilisha kila kitu, ua dogo kama ukucha linageuka kuwa na madoa, nywele na michirizi ambayo hukuwahi kujua ipo. Ukikosa lenzi geuza darubini uangalie kinyumenyume ukiwa karibu kabisa na ua, inafanya kazi. Pawabenki, kwa sababu baridi inakula chaji. Daftari na penseli, peni zinagoma kwenye karatasi yenye unyevu. Simu ipakuliwe programu ya iNaturalist, ile ya kutambua na kurekodi mimea kwa picha, kabla hamjaondoka na mtu ajaribu kuitumia kwenye maua ya nyumbani kwanza.

Visivyobebwa: spika ya muziki, droni (ina vibali vyake, achana nayo), na jembe au kisu cha kuchimbia chochote.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Ondokeni Matamba alfajiri, saa kumi na mbili gari liwe linatembea. Asubuhi kwa kawaida ndo kunakuwa wazi, mchana mawingu yanajikusanya na saa saba saa nane mvua na radi zinaanza. Kwa hiyo matembezi marefu yote ni kabla ya saa sita. Mkifika ofisi mnasalimiana vizuri na afande, mnaeleza ni kikundi cha maua, sio cha kupita tu, na mnaomba askari au mwongozaji anayejua okidi ziko wapi wiki hiyo. Hili ni muhimu kuliko kitabu chochote, kwa sababu kitu kilichokuwa kimejaa bonde moja wiki iliyopita leo kimekwisha na kingine kimetoka ng'ambo.

Njiani kutoka Matamba kabla ya kuingia uwandani mtaona mashamba ya viazi mviringo na mengine yana maua meupe yenye kitovu cha njano, watu watapiga kelele simamisha gari simamisha gari. Hiyo ni pareto, zao la biashara la kutengenezea dawa ya wadudu, limeletwa kutoka Ulaya. Zuri, piga picha, lakini sio ua la porini la hapa. Hivyo hivyo misindano, mikaratusi na miwati mtakayoona imepandwa. Mkishaanza kutofautisha cha asili na cha kuletwa mkiwa bado kwenye gari, uwandani mtaona vizuri zaidi, na kuna kitu kinawaingia watu: ile sehemu yenye miti ndo imebadilishwa, na ile wanayoiona tupu, nyasi tu, ndo yenye utajiri wenyewe.

Mkifika uwandani shukeni wote. Kaeni kimya dakika tano. Kisha kila mtu achague kipande cha ardhi ukubwa wa mkeka, apige magoti, ahesabu aina ngapi tofauti anaona bila kuondoka. Msicheke, zoezi hili ndo linamgeuza mtu wa kuangalia dirishani kuwa mtu wa kuangalia ua, baada ya hapo huna haja ya kumwambia mtu atembee polepole, yeye mwenyewe hataki kuondoka.

Sasa mtembee. Kwenye njia mkae kwenye njia hata kama ina tope, ukizunguka tope kila mtu kwa upande wake njia inapanuka na maua ya pembeni yanakufa. Pasipo na njia mfuateni mwongozaji. Anayeona kitu anainua mkono, mnasimama, mnakuja wawili wawili kuangalia, sio wote kwa pamoja mkazunguka duara mnakanyaga wenzake yule mliyekuja kumwona, maana okidi mara nyingi haiko peke yake.

Nini mtaona na jinsi ya kuvitambua

Vya kuanzia ni vile vinavyoonekana kwa mbali. Kinifofia ni mashada yaliyosimama wima, juu mekundu ya moto na chini njano au rangi ya chungwa. Lobelia kubwa zinasimama kama nguzo kwenye sehemu zenye unyevu. Kuna protea kwenye miteremko, jerani za zambarau na pinki, jamii za maua ya daisi za kila rangi, na yale makavu kama karatasi yanayoitwa helikrisamu, ukiyagusa yanachakacha na hayanyauki upesi.

Okidi ndo mtihani. Watu wanategemea zile kubwa za dukani, wanazipita. Hizi zinaota chini, kati ya nyasi, shina moja lenye maua mengi madogo. Ua la okidi lina vipande sita, vitatu vya nje na vitatu vya ndani, na kimoja cha ndani kimebadilika umbo kikawa mdomo. Ukishaona mdomo huo tafuta mkia mwembamba wa mfuko wa asali. Ukiona mikia miwili kwenye ua moja, hiyo ni Satyrium. Mkia mmoja unaotoka kwenye kipande cha juu kama kofia, ni Disa, na kuna moja inaitwa Disa ukingensis kwa jina la Ukinga, nchi ya Wakinga, kwa hiyo Wakinga wana ua lao mbali na maduka ya Kariakoo. Zile za kijani au nyeupe zilizochanikachanika kama kucha na nywele, nyingi ni Habenaria. Kufika hapo inatosha kabisa, jina la aina kamili achia wataalamu, hata wao wanabishana.

Picha za kutambulisha sio sawa na picha za kupostia. Piga mmea mzima na nyasi zake, kisha jani, kisha ua kwa mbele, ua kwa ubavu (mkia unaonekana hapo), na moja ya mahali penyewe, kama ni kinamasi au mwamba au mteremko. Weka kidole au penseli pembeni kuonesha ukubwa. Picha tano kwa mmea mmoja ni bora kuliko hamsini za mimea hamsini ambazo hakuna anayeweza kuzitambua. Na kulala katikati ya maua ili upigwe picha, hapana, hata kama gauni ni jipya.

Mkiinua macho kuna ndege. Tandawala anatembea kwenye nyasi kwa madaha, na kuna mbayuwayu wa buluu ambaye anazaliana huku msimu wa mvua kisha anahamia upande wa ziwa Victoria, huyu ni adimu duniani na Kitulo ni moja ya kwao. Kuna mtu ataulizia kipunji, yule nyani aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005. Yupo, ila anaishi msituni upande wa Livingstone na mlima Rungwe, sio kwenye nyasi, na ni mchache sana. Usiwaahidi watu.

Kuhusu kuchimba na kuhusu kusema mahali

Hapa naomba kikundi kizima kisikilize. Okidi za nyanda hizi zina viazi viwili chini, na viazi hivyo vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopikwa kwa kusaga viazi hivyo pamoja na karanga na magadi mpaka kinashikana unakikata vipande. Ni chakula cha watu, cha heshima na cha siku nyingi, sina tatizo na mpishi. Tatizo ni kwamba Zambia okidi zilipopungua wachimbaji wakahamia huku kwetu, na viazi vilivyokuwa vinatoka nyanda hizi vilihesabika kwa mamilioni kwa mwaka. Biashara hii ni mojawapo ya sababu zilizosukuma Kitulo kulindwa. Kuchimba kiazi ni kuua mmea mzima, na kuupata mwingine sio kazi ya msimu mmoja, mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake, inaota tu ikikutana na kuvu maalum kwenye udongo. Ndo maana pia usijidanganye kuing'oa ukaipande kwako Mbezi. Itakufa, na umevunja sheria ya hifadhi.

Sasa linalofuata watu hawalifikirii. Picha ya simu inabeba ramani ndani yake. Ukipostia okidi adimu yenye eneo kamili umemwelekeza mchimbaji mpaka kwenye shina. Zima eneo kwenye kamera kwa picha za kupostia, na usiandike bonde gani, andika Kitulo tu. Kwenye iNaturalist mahali panahitajika ili rekodi iwe na maana kwa watafiti, lakini programu yenyewe inaficha eneo la aina zilizo hatarini, na kama hujui aina, wewe mwenyewe chagua kuficha kabla ya kutuma.

Mvua ikiwakuta

Itawakuta. Mvua peke yake ni koti tu, radi ndo shughuli. Uwanda ule hauna miti, wewe ndo mrefu kuliko vyote. Ukisikia ngurumo mnarudi kwenye gari, sio mnamalizia picha. Kama gari liko mbali mnashuka kutoka kwenye vilele na matuta, mnatawanyika msikae kwa kukumbatiana, mnachuchumaa miguu pamoja, na msijifiche chini ya mti mmoja uliosimama peke yake. Aliyelowa na kuanza kutetemeka mvueni nguo mbichi, mvalisheni kavu, chai yenye sukari, asiachwe akae peke yake nyuma. Kama kuna jambo kubwa, Chimala kuna hospitali ya misheni, ila hesabu muda wa kushuka zile kona, ndo maana gari haliondoki likawaacha hata siku moja.

Mkisharudi

Ndani ya wiki moja, kabla watu hawajasahau, yule mwandishi apitishe daftari, kila mtu apandishe picha zake za kutambulisha, na mtume orodha pamoja na tarehe kwa ofisi ya hifadhi kama waliiomba. Orodha ya maua yenye tarehe ni ya thamani kuliko mnavyofikiri, mkirudi mwaka mwingine mwezi mwingine mnalinganisha nini kimewahi na nini kimechelewa. Mwongozaji apewe bahasha yake palepale mnapoachana, sio kutumiwa baadaye.

Na viazi vya Matamba, ambavyo lazima mtataka kununua gunia, vinunuliwe siku ya kushuka. Kama mnashukia Isyonje vinunueni huko huko njiani, msivipakie asubuhi mkazunguka navyo uwandani siku nzima, gari lina kazi ya kutosha na lile tope.